Barua ya Kumshuhudia Mwalimu wa Mazoezi

Mtu anayetaka kununua ng'ombe mnadani katika nchi ya Usukuma humzunguka kwanza. Humtazama meno, humpapasa ubavu, humtembeza hatua chache aone kama anachechemea. Akiridhika hutoa fedha. Lakini mtu anayetafuta mwalimu wa kumfundisha mazoezi ya mwili hana la kupapasa. Aweza kuona mikono minene na kifua kipana, walakini hivyo ni vya mwalimu mwenyewe, wala havisemi lolote juu ya namna atakavyoitunza miili ya wengine. Kazi yake ya jana haipo tena mbele ya macho. Imebaki katika watu aliowafundisha. Basi hao ndio wa kuulizwa, na jibu lao likiandikwa huwa barua ya kumshuhudia mtu.

Barua hii isichanganywe na nyingine. Kijana wa Shinyanga anayetafuta kazi huenda kwa afisa mtendaji wa mtaa au wa kijiji, akapewa barua ya utambulisho yenye mhuri. Hiyo yasema kwamba mtu huyu anakaa hapa na anajulikana. Yatakiwa mahali pengi, lakini haisemi kama anaijua kazi. Kiko pia cheti cha utumishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamwagiza mwajiri ampe mfanyakazi cheti hicho kazi inapokoma. Ni haki yake, si hisani. Lakini mwalimu wa mazoezi mara nyingi hana mwajiri mmoja. Hufundisha watu watano alfajiri uwanjani, watatu jioni katika nyumba ya mazoezi, ile ambayo vijana huiita jimu, na mmoja nyumbani kwake siku ya Jumamosi. Nani atampa cheti? Hapana ila wale wale aliowafundisha.

Wazee wa nchi hii walijua karatasi za kazi za namna nyingine. Wakati wa utawala wa Waingereza katika Tanganyika, kibarua wa shamba la mkonge alipewa kipande, yaani kadi yenye nafasi za siku 30, na kila siku aliyoimaliza kazi yake ilitiwa alama. Wasukuma na Wanyamwezi wengi waliokwenda mashambani huko walikijua sana. Kadi hiyo ilihesabu siku; haikueleza mtu. Huko Kenya jambo lilikuwa zito zaidi. Tangu mwaka 1920 wanaume Waafrika wenye umri wa miaka 16 na zaidi walilazimishwa kuchukua kipande chenye alama za vidole vyao, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kibati. Mwajiri asipotia sahihi kwamba amemwachilia mtu wake, huyo hakuweza kuandikwa kazi mahali pengine. Harry Thuku na wenzake walikipinga mwaka 1921. Kipande kiliandikwa juu ya mtu pasipo ridhaa yake. Barua ya kumshuhudia huombwa na mwenyewe, kwa mtu aliyemchagua mwenyewe, na yule aliyeombwa ana hiari ya kukataa. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana.

Nchi ya Shinyanga na Geita ni nchi ya migodi. Almasi za Mwadui zilivumbuliwa mwaka 1940 na Mkanada John Williamson. Dhahabu ya Geita ilianza kuchimbwa katika miaka ya 1930, na mgodi mkubwa wa sasa ulianza kazi mwaka 2000. Ule wa Bulyanhulu ukafuata mwaka 2001. Mbali na makampuni wako wachimbaji wadogo, kama wale wa Nyarugusu, washukao katika maduara na kupandisha mawe kwa kamba. Mtu angeweza kuuliza: watu wapigao sululu mchana kutwa wana haja gani ya kufundishwa mazoezi? Wasiopiga sululu ni wengi. Dereva wa gari kubwa la mgodini huketi saa nyingi, na karani wa ghala vivyo hivyo. Viuno vyao hukakamaa na matumbo huongezeka. Wengine waliumia mgongo au goti nao hutafuta nguvu zirudi. Tena wako vijana wanaopenda tu kunyanyua vyuma, wala si dhambi.

Lakini katika nchi ya migodi hatari iko karibu. Mtu aliyevuta vumbi la mawe kwa miaka mingi aweza kuwa na mapafu yaliyoharibika, ugonjwa ambao madaktari huuita silikosisi, na mwenye ugonjwa huo hupatwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko wengine. Akiwa amesimama waweza kumdhania kuwa mzima. Mwingine ametoka zamu ya usiku wala hajalala. Mwingine ana shinikizo la damu asilolijua, maana ugonjwa huo mara nyingi haumi. Mwalimu asiyeuliza, akawapanga wote mstari mmoja na kuwaamuru wakimbie chini ya jua la mwezi wa Septemba, aweza kumdhuru mtu kwa muda wa nusu saa. Kwa hiyo anayeandika barua ya kumsifu mwalimu wa mazoezi anampa pumzi ya watu wengine aitunze, nao ni watu ambao mwandishi hatawaona kamwe.

Chukulia mfano huu. Kijana mmoja alikuwa akifundisha mazoezi mjini Shinyanga, akasikia kwamba huko Geita nyumba moja ya mazoezi, iliyokuwa ikitumiwa na wafanyakazi wa mgodi, inatafuta mwalimu. Alitakiwa alete barua ya mtu aliyepata kufundishwa naye. Akamwendea rafiki yake, naye akamwandikia siku ile ile, kwa kalamu nzuri na mwandiko wa kupendeza: kwamba kwa heshima na taadhima anamleta kwao mwalimu hodari kupita wote, mchapa kazi, mpole, mwaminifu, shupavu, mwenye nidhamu ya hali ya juu, asiye na dosari yo yote. Barua ilijaa sifa, lakini ndani yake hamkuwa na hata jambo moja lililotendeka. Lifute jina la kijana, utie la mpishi au la fundi baiskeli. Barua itafaa vile vile. Barua inayomfaa kila mtu haimfai mtu ye yote.

Kijana hakuridhika. Akaenda kwa karani mmoja mzee, aliyekuwa amefundishwa naye zaidi ya mwaka.

"Mwangaluka, baba," alisema mlangoni.

"Mwangaluka, mwanangu. Pita, keti."

Akaketi, akaeleza shida yake, akamwonyesha ile barua ya kwanza. Mzee akavaa miwani, akaisoma yote, akaikunja na kuirudisha.

"Hii imeandikwa na rafiki yako."

"Ndiyo, baba. Ni mbaya?"

"Si mbaya. Ni tupu. Nikiandika mimi nitaandika niliyoyaona, na wewe wajua kwamba niliyaona yote."

Kijana akainamisha kichwa, maana alijua mzee asema nini. Katika mwezi wa tatu wa mafundisho aliwakimbiza watu wake wote pamoja, na kati yao alikuwamo mtu aliyefanya kazi ya kusaga mawe kwa miaka mingi. Hakuwa amemwuliza habari za kifua chake. Mtu yule akaanguka uwanjani, midomo ikageuka rangi. Kijana alimchukua mpaka hospitali, akakaa naye, akamtembelea kila siku mpaka akainuka. Baada ya hapo alinunua daftari, na tangu siku ile hakumfundisha mtu pasipo kuandika kwanza habari za afya yake.

"Ukiliandika hilo, baba, nani atanipa kazi?"

"Nami nisipoliandika, nitaelezaje habari ya daftari?"

Wakanyamaza. Kisha mzee akasema, "Sitapeleka neno ambalo wewe hujalisoma. Barua ni ya kwako, lakini sahihi ni ya kwangu. Nenda ukafikiri. Ukiona haifai, utatafuta mtu mwingine, wala sitakasirika."

Hakuwa akimtisha. Alikuwa amemwekea mlango wazi, na hivyo ndivyo ipasavyo kufanya. Kijana alirudi siku ya pili jioni, akasema, "Andika, baba." Mzee akaandika hivi:

S.L.P. ……,
Shinyanga.
Tarehe ……

Kwa Msimamizi wa Nyumba ya Mazoezi,
Geita.

Bwana,

Yahusu: Bwana ……, mwalimu wa mazoezi

Nimeombwa na Bwana …… nieleze ninayoyajua juu ya kazi yake. Mimi ni karani wa ghala, na umri wangu ni miaka 58. Alinifundisha kwa miezi 14, siku tatu kila juma, pamoja na watu wengine tisa. Si ndugu yangu, wala hatudaiani.

Nilipoanza sikuweza kupanda ngazi za ghala pasipo kupumzika, na goti langu la kushoto liliuma. Kwa majuma sita ya kwanza hakunipa chuma hata kimoja. Alinitembeza, akanizoeza kuketi kitini na kuinuka bila kushika kitu, akaniongezea kidogo kidogo. Sasa napanda ngazi zile nikiwa na mzigo wa kilo 20. Goti bado huuma wakati wa baridi, naye hakuniahidi kwamba litapona kabisa.

Katika mwezi wa tatu alikosea. Alimkimbiza pamoja na wengine mtu mwenye ugonjwa wa kifua, pasipo kumwuliza kwanza, na mtu yule akaanguka. Alimpeleka hospitali mwenyewe na kumtazama mpaka alipopona. Tangu hapo ana daftari. Kabla ya kumfundisha mtu humwuliza juu ya moyo, kifua, dawa anazotumia, maumivu ya zamani, na kama amelala. Akiwa na shaka humtuma kwa daktari kwanza, hata kama mtu huyo amekwisha kulipa. Katika miezi 11 iliyofuata sikuona mtu akiumia mikononi mwake.

Sijui kama aweza kufundisha watoto au wachezaji wa mpira, maana sikumwona akiwafundisha. Kwa watu wazima wenye umri kama wangu, mimi ningemwita tena.

Nitajibu maswali kwa simu namba ……

Ni mimi,
(sahihi)

Itazame barua hii, mwanafunzi. Haizidi ukurasa mmoja. Mwandishi ameeleza kwanza yeye ni nani na amemjuaje mtu huyu, maana asiyejulikana akimshuhudia asiyejulikana, msomaji amepata nini? Ametaja muda, na kwamba hakuna udugu wala deni kati yao. Hakusema kwamba kijana ni mvumilivu. Amesema kwamba alingoja majuma sita kabla ya kumpa chuma, na msomaji mwenyewe atauona uvumilivu ulio ndani yake. Hakusema kwamba kijana ni mwaminifu, bali kwamba humtuma mtu kwa daktari hata baada ya kulipwa. Tena hakulitaja jina la mtu aliyeanguka. Ugonjwa wa mtu ni siri yake, wala hauwi mali ya mwandishi kwa sababu aliuona kwa macho.

Lile neno la "sijui" ndilo lenye nguvu kuliko yote. Msomaji akiona mahali ambapo mwandishi amesimama na kukiri kwamba hapo hakuona, huamini yale mengine aliyosema ameyaona.

Je, kila kosa liandikwe? Hasha. Kijana akichelewa siku moja kwa sababu ya mvua, au akigombana na mwenye uwanja kwa habari ya kodi, hayo hayahusu. Lakini kosa lililogusa pumzi ya mtu lahusu kazi yenyewe, nalo likifichwa barua huwa mtego. Na likiandikwa, pia liandikwe lililofuata, maana kosa pasipo daftari ni nusu ya habari.

Wengine hufikiri kwamba vyeti vyatosha. Cheti cha mafunzo ni kitu chema, hasa cha huduma ya kwanza, na mwandishi akiwa amekiona kwa macho yake na akitaje. Hata hivyo vyeti havisemi yote. Mwaka 1976 Bruda Colm O'Connell, Mwairishi, alifika katika Shule ya Sekondari ya St. Patrick's huko Iten, Kenya, afundishe jiografia. Hakuwa amesomea ualimu wa riadha. Alianza kuwatazama wavulana wa shule wakikimbia, akajifunza kwa kutazama. Katika wanafunzi wa shule ile alitoka Peter Rono, aliyeshinda mbio za mita 1,500 katika Michezo ya Olimpiki ya Seoul mwaka 1988. Baadaye alimfundisha David Rudisha, ambaye tarehe 9 Agosti 2012 mjini London alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, kasi ambayo hakuna mtu aliyeifikia kabla yake. Kama mwaka ule wa 1976 mtu angetafuta cheti chake cha riadha, asingekiona. Baada ya miaka michache wavulana wake wangeweza kumshuhudia kwa mambo matupu yaliyotendeka: alitukuta tukikimbia hivi, akatuacha tukikimbia hivi.

Desturi ya barua hizi ni ya kale. Mtume Paulo, katika mlango wa mwisho wa Waraka wake kwa Warumi, anamtambulisha Fibi wa Kenkrea na kueleza kwamba aliwasaidia watu wengi, naye Paulo mwenyewe akiwamo. Miaka mia moja hivi kabla yake, Mrumi Cicero aliandika barua za namna hii nyingi mno. Zilizokusanywa katika kitabu kimoja tu zapita 70. Aliwaandikia wengi hata ikambidi kuagana na liwali mmoja wa jimbo la Kirumi la Afrika juu ya alama ya kutia katika barua, ili liwali atambue ni zipi alizozimaanisha kwa moyo wote. Yaani sifa zake zilikuwa zimeenea mno hata zikahitaji alama ya kuzitofautisha.

Kwa sababu hiyo mtu asione haya kukataa. Akiombwa barua na mwalimu ambaye hakumjua vema, au aliyemwona akiwadharau wagonjwa, na aseme kwa upole, "Ndugu yangu, sikukuona kazini muda wa kutosha, mwombe aliyekujua zaidi." Maneno hayo hayamvunjii mtu heshima. Kuandika barua baridi, yenye sifa za uvivu uvivu, ili msomaji akisie yaliyofichwa, ni vibaya zaidi kuliko kukataa, kwa kuwa mwenye barua ataibeba huku akidhani ni ngao, kumbe ni shoka.

Wengine humwambia mwombaji, "Jiandikie mwenyewe, nami nitatia sahihi." Jambo hili limezoeleka sana katika maofisi. Mwombaji kuandika tarehe na kazi alizozifanya, ili kumkumbusha mwandishi, si vibaya, nayo husaidia. Lakini anayetia sahihi chini ya ushuhuda wa mtu juu ya nafsi yake ameazima macho ya mwingine na kusema ni yake.

Yule karani mzee aliipeleka barua yake. Baada ya siku nane simu ikalia. Msimamizi wa Geita hakuuliza habari za ngazi wala goti, wala hakutaka kusikia zaidi juu ya yule aliyeanguka. Aliuliza jambo moja: daftari lile, kijana alilinunua mwenyewe, au aliagizwa na mtu?

"Alilinunua mwenyewe," mzee akajibu. "Nilimkuta dukani."

"Mwambie akija alichukue."

Kama alipata kazi au hakupata, hilo si la somo hili.

ZOEZI. Mfikiri mtu aliyekufundisha kazi ya mikono au ya mwili: kuogelea, kulima kwa jembe la ng'ombe, kucheza ngoma, kupanda baiskeli. Andika juu yake barua isiyozidi ukurasa mmoja, pasipo kutumia maneno hodari, mwaminifu, mpole, wala mchapa kazi. Weka ndani yake mambo matatu uliyoyaona kwa macho yako, na jambo moja usilolijua. Kisha mpe mwenzako aisome, naye akuambie kama jina likifutwa barua yaweza kumfaa mtu mwingine.